Kontena Ambalo Halijafika

Nchi inayosimuliwa hapa haipo. Imetafutwa kwenye ramani ya shule ya msingi, ile yenye doa la chai upande wa bahari, haikuonekana. Kwa hiyo kiongozi yeyote atakayesoma habari hizi akahisi masikio yanamwaka moto, asihangaike kumpigia mtu simu. Hasemwi yeye. Inasemwa nchi ambayo haipo, yenye bandari ambayo haipo, na watu waliokufa humo, tukubaliane tangu mwanzo, nao hawakuwapo.

Katika nchi hiyo alikuwako tabibu wa zahanati aitwaye Pelepetua Kihwele, mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na hasira za karibu. Zahanati yake ilikuwa Bonde la Kisaru, kunakolimwa miwa inayotia sukari chai ya nchi nzima. Kila mwezi wa saba mashamba huchomwa moto ili majani yaungue, na kesho yake wakataji huingia na mapanga. Vifutu, wale nyoka wanene wenye sumu kali, waliokoswakoswa na moto hubaki wamejificha chini ya masalia, wamevurugwa akili, na mkataji naye huingia na kandambili. Msimu uliopita watu kumi na mmoja walikatia roho kwenye benchi la Pelepetua, huku kabati la dawa likiwa na vidonge vya maumivu na bango la kuhimiza kunawa mikono.

Alichoka. Akaandika barua mwaka mzima kwa shirika moja la ng'ambo, mpaka wakamjibu kwamba watampa chupa elfu mbili za dawa ya sumu ya nyoka, bure, ndani ya kontena la baridi. Aliisoma barua hiyo mara tatu, akaenda nyuma ya zahanati akalia, kisha akarudi kuendelea na foleni ya wagonjwa. Kilichobaki sasa, alidhani, ni meli tu.

*

Katika nchi hiyo mzigo hauingii hivi hivi. Lazima uwe na Hati Tangulizi, na hati hiyo lazima itolewe kabla meli haijang'oa nanga huko itokako, ili taifa lijue kinachokuja na lisishtuke. Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Hati Tangulizi, Dokta Nzogela, alikwisha kulifafanua jambo hilo kwenye televisheni: "Taifa si mtu wa kushtukizwashtukizwa. Taifa lina moyo. Tusilichezee."

Pelepetua aliomba miezi miwili kabla. Alipeleka orodha ya shehena, ankara, cheti cha nchi ilikotengenezwa dawa, barua ya wizara, barua ya kuthibitisha kwamba barua ya wizara ni ya wizara, na picha tatu za kontena: ya mbele, ya ubavuni, na moja ya kontena likiwa limetulia. Kila kitu kilipita. Ulibaki mhuri mmoja.

Mhuri huo uliangukia Wiki ya Huduma kwa Mteja. Idara nzima ilikuwa imevaa fulana za njano zilizoandikwa MTEJA NI MFALME. Jumatatu walifanya maandamano ya amani kumuunga mkono mteja. Jumanne walipuliza mapulizo. Jumatano walikata keki wakalishana, wakubwa wakiwalisha wadogo na wadogo wakiwalisha wakubwa, na wapo waliotokwa na machozi. Mlango wa ofisi ulifungwa kwa kufuli wiki nzima, na juu yake pakabandikwa tangazo: TUMEFUNGA ILI TUKUHUDUMIE VIZURI ZAIDI. Nahodha huko ng'ambo hakuwa na habari za keki. Aling'oa nanga Alhamisi, kama ratiba yake ilivyosema.

*

Pelepetua alisafiri kwa basi siku moja na nusu hadi Bandari Kuu. Akapanga foleni dirisha namba nane, ambako alikaa Bwana Makorongo, Afisa Mizigo Mwandamizi, mwanamume msafi, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Nimefuata kontena langu la dawa. Limeshushwa jana."

Makorongo alibonyeza kompyuta, akasubiri, akabonyeza tena. "Halijafika, Mama."

"Limefika. Nimelipita hapo nje sasa hivi. Jeupe, na namba yake hii hapa kwenye karatasi."

"Hapo nje umeona kitu kinachofanana na kontena, Mama yangu. Kontena kwa mujibu wa sheria ni lenye Hati Tangulizi. Lisilo na hati sheria inakataza lisiingie nchini. Na likishakatazwa lisiingie, basi halijaingia."

"Haya. Sasa liko wapi?"

Makorongo akaangalia tena, kwa uaminifu kabisa. "Baharini. Naona hapa bado liko baharini."

Pelepetua akavuta pazia la dirisha. Kontena lilikuwa hatua ishirini kutoka pale, na chini yake kivulini alikuwa amelala paka. "Na lile?"

"Lile sina mamlaka nalo."

"Na paka?"

"Paka ni wa hapa hapa, Mama. Hana tatizo."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Pelepetua kuliko yote. Angekuwa mkorofi wangegombana, wakamaliza. Akajikaza, akateremsha sauti. "Sikiliza, baba. Dawa hii inataka baridi. Ikipata joto haifai tena hata kuoshea vidonda. Mlichomeke kwenye umeme tu, hayo mengine tutazungumza."

"Mama, nitaombaje umeme wa kitu ambacho hakipo? Akija mkaguzi akaniuliza umeme huu unakwenda wapi, nimwambie unakwenda baharini?"

Bahati kulikuwa na fundi umeme wa bandari aitwaye Hiza, ambaye hakuwa amesoma sana sheria. Aliyasikia mazungumzo yale, akaenda akalichomeka kontena bila kumuuliza mtu. Likaanza kunguruma. Pelepetua aliweka kiganja ubavuni mwake, akahisi mtetemo, akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi.

*

Siku ya nne alipigiwa simu na Bi Sikudhani, mhudumu wake kule zahanati.

"Dada Pele, dawa umeipata?"

"Bado kidogo. Kuna nini?"

"Yohana Chilumba. Kaumwa jana mchana shamba la juu. Tumemzika leo. Alikuwa anakuulizia. Anasema, tabibu si ameifuata dawa? Nikamwambia yuko njiani."

Pelepetua alipanda ngazi mpaka ghorofa ya sita bila kusimama, akampita katibu muhtasi aliyekuwa akipaka rangi kucha, akaingia kwa Mkurugenzi Mkuu. Alimwambia kila kitu. Alimtajia Yohana, umri wake, na shamba alilokuwamo. Dokta Nzogela alisikiliza amefumba macho, kama watu wazito wanavyosikiliza, kisha akaitisha kikao cha dharura, nacho kikakaa baada ya siku tano. Kufikia hapo wafu walikuwa wanne. Waliongezeka Asumta Ligoma, aliyekuwa amempelekea mumewe uji shambani, na Gaspari na Benitho Mapunda, ndugu wa tumbo moja, wa pili aliumwa alipokuwa akimbeba wa kwanza.

"Wajumbe," alianza Dokta Nzogela, "tatizo letu ni la kifalsafa. Hati Tangulizi lazima itangulie. Haiwezi kukitangulia kitu ambacho kimekwisha kuitangulia. Wenye akili za kawaida wangekwama hapa. Lakini mimi sikulala. Ninapendekeza kontena lisindikizwe mpaka nje ya maji yetu, hati itolewe likiwa huko, kisha lifike kwa mara ya kwanza."

Wajumbe walipiga meza. Mmoja alisema nchi nyingine zitakuja kujifunza.

"Mheshimiwa," alisema Pelepetua, "hiyo inaweza kufanyika leo? Hata leo jioni?"

"Mama, kitu kinapofika lazima kipokelewe. Na kikipokelewa lazima awepo mgeni rasmi." Mgeni rasmi hakuweza kuwa mwingine ila Mheshimiwa Waziri wa Bandari na Vinavyoingia. Shajara ya Mheshimiwa ilifunguliwa. Alikuwa na uzinduzi wa choo, uzinduzi wa bango la kuonyesha kilipo choo, na ziara ya mafunzo katika nchi isiyo na bandari. Nafasi ilipatikana baada ya wiki mbili.

"Wiki mbili!" Pelepetua alisimama. "Watu wanakufa! Mmenisikia? Hawa niliowatajia si takwimu, nawajua mimi, nimewazalisha watoto wao!"

Mwandishi wa kikao akaandika. Muhtasari ulipotoka ulisomeka hivi: *Agenda ya tatu, Vifo: Wajumbe walivipokea na kumpongeza mtoa taarifa kwa kueleza kwa kifupi.*

Ikaundwa Kamati ya Mapokezi yenye kamati ndogo tisa: ya chakula, ya burudani, ya itifaki, ya mahema, ya sare, na nyinginezo. Ili asijisikie ametengwa, Pelepetua aliteuliwa kamati ndogo ya mapambo. Akaletewa vipande vya vitambaa achague rangi ya utepe, wa samawati au wa zambarau. Alivitupa dirishani. Muhtasari ukaandika kwamba mjumbe aliomba muda zaidi wa kutafakari.

Fundi Hiza, kwa upande wake, alipewa barua ya onyo kwa kuchomeka kitu kisichokuwepo, akahamishiwa mnara wa taa ulio kisiwani. Waya hawakuuchomoa. Makorongo alikuwa amegundua kwamba kuchomoa kungekuwa kukiri kuwa kilichomekwa. Hiyo ndiyo siku pekee ambayo sheria ya nchi ile iliisaidia dawa, nayo iliisaidia kwa kukosea.

*

Siku ya mapokezi wafu walikuwa saba. Baada ya ndugu wale wawili alifuata Kalisti Mbunda, kisha mzee Stambuli aliyekuwa mlinzi wa shamba, kisha Zuhura Kwangaya, msichana aliyekuwa ametoka tu kuvishwa pete ya uchumba. Pelepetua aliyataja majina hayo kimoyomoyo asubuhi ile alipokuwa akinawa uso bombani, maana alijua hakuna mwingine pale bandarini aliyekuwa akiyakumbuka.

Kontena lilichomolewa alfajiri, likapakiwa kwenye tishari, likavutwa hadi mpaka wa maji. Maafisa sita walilisindikiza wamevaa makoti ya kuokolea maisha. Huko mbali Dokta Nzogela aligonga mhuri, Makorongo akaandika saa, na mpiga picha akawaomba warudie kugonga kwa sababu wa kwanza haukutoka vizuri. Saa tatu asubuhi kontena lilikuwa limerudi uwanjani, limefungwa utepe wa zambarau.

Ratiba ilionyesha kwamba mgeni rasmi atawasili saa tatu na dakika tano.

Saa nne hakuwa amewasili. Saa sita jua lilikuwa utosini, na bati la kontena halishikiki. Pelepetua alizunguka nyuma kutafuta soketi. Aliikuta. Ilikuwa imechomekwa spika za mshereheshaji, na kwa waya wa pembeni, feni mbili za hema la wageni mashuhuri, ambalo ndani yake hakukuwa na mtu.

"Jamani, chomoeni hizo spika," alimwambia kijana wa itifaki. "Naomba. Nusu saa tu, dawa ipoe."

"Mama, bila spika kwaya itasikikaje?"

"Kwaya inaimba nini?"

"Inashukuru kwa dawa."

Pelepetua aliinama, akakamata plagi kwa mikono miwili, akaing'oa. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Alikuwa amekwisha kuchomeka waya wa kontena, likakohoa likaanza kunguruma, askari wawili walipomshika kwapani. Alirusha mateke. Mama mzima, tabibu wa miaka ishirini na sita, alibebwa juu juu mbele ya wageni huku kiatu kimoja kikibaki nyuma, akipiga kelele kwamba wanaua watu. "Wapendwa," zilisema spika ziliporudishiwa umeme wa kontena, "tulipata tatizo dogo la kiufundi. Tumpigie makofi mnufaika wetu, ana furaha mpaka anashindwa kujizuia!" Wakampigia. Akaketishwa mstari wa mbele, askari huku na askari huku, na kifuani akabandikwa karatasi iliyoandikwa MNUFAIKA.

Mheshimiwa Waziri aliwasili saa tisa alasiri na msafara wa magari kumi na manne. Alihutubia saa moja na robo.

"Kuna watu," alisema, "wanaosema serikali imelala. Serikali hailali! Hata pale ilipokuwa haijui, ilikuwa inajua. Leo kontena hili limefika. Nawaagiza vyombo vya usalama: atakayesema lilifika wiki tatu zilizopita, muulizeni alilionaje wakati lilikuwa baharini!" Makofi. "Wananchi wa Kisaru, ng'atweni bila wasiwasi. Serikali yenu ipo!" Watu walisimama kupiga makofi, na vigelegele vikaenda mpaka kwenye meli.

Akakata utepe. Milango ikafunguliwa, na hewa iliyotoka ilikuwa ya joto, ile inayompiga mtu usoni akifunua sufuria. Waziri alirudi nyuma hatua moja, akatabasamu, akachukua chupa ya kwanza akamkabidhi Pelepetua mbele ya kamera. Kila chupa ilikuwa na kijiduara cheupe ambacho hubadilika rangi dawa ikipata joto. Kijiduara kilikuwa cheusi. Pelepetua akaingiza mkono kwenye boksi, akatoa chupa ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote nyeusi tii.

"Mheshimiwa," alisema, "imeharibika. Yote. Mmeiharibu leo. Asubuhi ilikuwa nzima."

"Tabasamu, Mama," Waziri alimnong'oneza bila kusogeza midomo. "Tunapigwa picha."

*

Msafara uliondoka kwa ving'ora. Gari la kumi na tatu lilikuwa la wagonjwa, lenye maandishi ubavuni: WILAYA YA KISARU. Pelepetua aliyasoma mara mbili. Mlango wake wa nyuma haukufungwa vizuri, na ndani, juu ya kitanda cha wagonjwa, zilipangwa kreti za soda.

Makorongo alimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja peku, chupa mapajani. Alikuwa ameleta Fomu ya Makabidhiano na kiatu chake.

"Pole, Mama. Bado sahihi yako tu. Hapa." Alionyesha mstari: *Nimepokea mzigo ukiwa katika hali nzuri.*

"Sisaini."

"Mama, usiposaini mzigo haujapokelewa. Na usipopokelewa, sherehe ya leo haikufanyika. Mheshimiwa alikuwa wapi basi mchana huu?" Jasho lilikuwa limemtoka. "Ripoti inatakiwa leo leo. Nakuomba kama mwanao. Mimi ndiye nitakayefukuzwa, si wao."

"Yohana alikuwa na mtoto wa miezi minne," alisema Pelepetua. "Ulijua? Nilipokuja dirishani alikuwa bado hai. Ulinijibu paka hana tatizo."

Makorongo akainama, akamwekea kiatu karibu na mguu.

Simu ikalia. Bi Sikudhani alikuwa akihema kama anayekimbia. "Dada Pele, ameletwa Kasiani Hyera, mguu umevimba mpaka pajani, anatapika damu. Nimempigia dereva wa gari la wagonjwa hapatikani. Uko wapi na dawa?"

Pelepetua alitazama barabara, kule vumbi la msafara lilikokuwa linatua. "Mlaze," alisema. "Asitembee. Mguu usiufunge kamba. Tafuteni lori la miwa, lolote, mpelekeni hospitali ya mkoa. Usiniulize dawa, Siku. Mpakieni kwenye lori."

Akakata simu, akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

Makorongo akampa iliyo nzuri kuliko zote nne. Pelepetua hakugusa mstari wa sahihi. Aligeuza ukurasa wa pili, penye kisanduku kilichoandikwa *Majina ya Walengwa Waliofikiwa na Mzigo*, chenye mistari minane. Akaanza kuandika kwa mwandiko wake wa kadi za kliniki, taratibu, unaosomeka. Yohana Chilumba. Asumta Ligoma. Gaspari Mapunda. Benitho Mapunda. Kalisti Mbunda. Stambuli bin Feruzi. Zuhura Kwangaya. Kwenye safu ya makazi aliandika kila mstari: makaburini, Kisaru.

"Mama," Makorongo alisema kwa sauti ndogo, "fomu hii inakwenda kwa Waziri."

"Ndiko ninakotaka iende."

"Lakini hawa—"

"Hawa ndio mzigo wenu uliowafikia. Kuna sheria inayokataza?"

Makorongo akafikiri, akapitia kichwani sheria zote alizozijua, na alizijua zote. Hakuna iliyokataza. Walikaa hivyo, bega kwa bega kwenye viti vya plastiki, watu wa mahema wakikunja turubai na wa kamati ya chakula wakigawana wali uliobaki. Saa moja kasoro simu ikalia tena. Pelepetua alisikiliza, akasema, "Haya, Siku. Mfunike." Akaandika kwenye mstari wa nane: Kasiani Hyera.

Makorongo aliangalia kisanduku kilichojaa, akapata angalau neno moja analolijua. "Nafasi zimekwisha, Mama."

"Basi niletee karatasi ya ziada."

"Ya nini tena?"

"Msimu bado una wiki nne."

Makorongo, ambaye katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kukataa kiambatisho, akainuka akaenda kuileta.